Kijana apewe amana, si fulana

Tarehe 13 Novemba mwaka 2023 Serikali ya Kenya ilitoa mapumziko ya nchi nzima. Haikuwa sikukuu wala msiba. Watu waliambiwa watoke wakapande miti. Shabaha iliyotangazwa ni miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Miche iligawiwa, wakubwa walipigwa picha wakiwa na majembe mikononi, na jioni kila mtu alirudi kwake. Miche ikabaki peke yake na jua, mbuzi na mpira wa watoto.

Hatusemi haya kwa kubeza. Kupanda mti ni jambo la kheri, na tangu chuoni tulifundishwa kwamba mtu akipanda mti, kisha akala matunda yake ndege, mnyama au mwanadamu, hiyo huandikwa sadaka yake. Walakini kuzaa si kulea. Mche hupandwa kwa dakika tano, na kuutazama hadi usimame wenyewe ni kazi ya miaka. Swali linalotukabili ni nani atakayeutazama.

Jibu linalotajwa mara nyingi siku hizi ni vijana. Husemwa kwamba wakusanywe vijana wa mitaani, wafundishwe habari za miti, fuo na wanyama, wavishwe sare, wawe walinzi wa mazingira. Wengine huwaita marenja vijana. Shauri hili twaliunga mkono. Lakini lina njia mbili, nazo hazifiki mji mmoja. Ya kwanza ni njia ya fulana: kijana huitwa siku moja, huvishwa fulana yenye maandishi, hupanda, hupigwa picha, hupewa soda, akenda zake. Ya pili ni njia ya amana: kijana hukabidhiwa mahali panapojulikana mipaka yake, akafundishwa, akaandikwa, akawa na fungu lake katika faida, na akaulizwa pakiharibika. Katika makala haya twataka kuonyesha kwamba ni njia hii ya pili tu iliyowahi kuleta matunda katika pwani yetu, na kwamba Bombolulu ina kila sababu ya kuifuata.

HORI NYUMA YA NYUMBA

Mtu wa mbali akisikia Bombolulu hukumbuka barabara ya Malindi, kelele za matatu na maduka yaliyopangana. Haoni msitu wa kulindwa. Lakini ukiiacha barabara hiyo ukashika upande wa magharibi, ukapita Mishomoroni kuelekea Junda, utateremka hadi majini. Hiyo ndiyo hori ya Tudor, mkono wa bahari unaoizunguka Mvita kwa nyuma na kuingia ndani ya bara. Kandokando ya maji hayo ndiko iliko mikoko, au iliyosalia.

Mpwani hahitaji kufundishwa thamani ya mikoko. Dari za nyumba zetu za kale zimelala juu ya boriti. Wazee wetu walikuwa na jina kwa kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na miti ikihesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Majahazi yaliipeleka Arabuni na Ghuba kwa karne nyingi, mpaka Serikali ilipopiga marufuku kuiuza nje mwaka 1982. Kila mti ulijulikana kwa tabia yake: mkoko kwa boriti, mkandaa kwa fito na gome la kutilia rangi, mchu kwa mafundi wa vyombo, mlilana unaosimama mbele kabisa kuikabili bahari, na kadhalika muia na mkomafi. Katika mizizi yake hukua kamba, kaa na watoto wa samaki. Na ufuo wenye mikoko hauliwi na mawimbi upesi.

Sasa tazama hesabu. Watafiti waliolinganisha hali ya hori hii kwa miaka mbalimbali walichapisha mwaka 2014 kwamba, baina ya mwaka 1992 na 2009, Tudor ilipoteza kiasi cha asilimia 87 ya mikoko yake. Kule Mwache, upande wa pili wa Mombasa, kulipotea asilimia 45. Kwa lugha ya nyumbani, mwenye mbuzi mia aliamka siku moja akakuta amebakiwa na kumi na watatu. Na hayo yalitokea kwa miaka 17 tu, umri wa kijana mmoja tangu kuzaliwa mpaka kuota ndevu.

Sababu zajulikana. Watu hukata kwa kuni na kwa kujengea. Maji machafu ya majumba humiminika horini bila kusafishwa. Tena mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha tope jingi kutoka bara, likaifukia mizizi ambayo mikoko hupumulia. Mti usiovuta pumzi hufa kama sisi tunavyokufa.

Asidhani msomaji kwamba kilichokosekana ni sheria. Mikoko yote ya pwani ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932, zama za mkoloni. Sheria ilikuwapo na mikoko ikenda. Karatasi iliyo ofisini haioni anayepita na shoka saa kumi za alfajiri. Anayemwona ni jirani. Basi mambo yote hurejea kwa jirani: je, anajihesabu kuwa mlinzi, au anajihesabu kuwa mpita njia?

VIJANA WANAOOGOPWA

Upande wa pili wa hori kuna hazina nyingine inayopotea, nayo ni vijana wenyewe. Katika miaka ya karibuni Kisauni imetajwa mno magazetini kwa sababu ya makundi ya vijana wenye mapanga. Wamekatwa watu wasio na hatia, na wamekufa vijana ambao mama zao walikuwa wangali wakiwatarajia mezani. Matokeo yake ni kwamba kijana yeyote aliyeketi barazani saa ya magharibi hutazamwa kwa jicho la shaka, hata kama ametoka msikitini punde.

Hapana haja ya kudai kwamba kupanda mikoko kutamaliza uhalifu. Hiyo itakuwa ahadi ya mgombea kura. Lakini ni kweli kwamba mtu asiyekabidhiwa kitu hana cha kukiharibu ila cha wenzake. Kijana ambaye mji mzima humwita mwizi kabla hajaiba, hana hadhi ya kuichunga. Ukimpa jambo la heshima lenye jina lake, umempa kitu cha kuogopa kukipoteza.

Serikali imekwisha kujaribu mara kadhaa kuwapa vijana kazi za mikono. Huduma ya Vijana kwa Taifa iliundwa mwaka 1964. Mwaka 2009 kukaja Kazi kwa Vijana. Mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipofunga riziki, ikaja Kazi Mtaani. Ilianza katika mitaa duni ya kaunti nane, Mombasa ikiwamo, kisha ikapanuliwa nchi nzima na kuandikisha zaidi ya vijana 270,000. Katika awamu ya pili kibarua alilipwa shilingi 455 kwa siku. Mitaro ilizibuliwa, vichaka vilifyekwa, takataka ziliondolewa, na nyumba nyingi zilipata unga. Hilo si dogo, na asiyeshukuru kidogo hashukuru kingi.

Ila fedha zilipokwisha, kazi ilikwisha. Mtaro uliozibuliwa haukuwa wa mtu, basi ulipoziba tena haukuulizwa mtu. Kijana alirudi barazani akiwa na fagio na kumbukumbu. Hakuongezewa elimu ya kumfaa kesho, wala hakubakiwa na mahali pa kusema hapa ni pangu kwa kulinda. Alilipwa kwa siku, naye akafikiri kwa siku. Kila mwenye kuunda mpango wa walinzi vijana aanze kwa kulitafakari jambo hilo.

MIFANO ILIYO KARIBU

Mifano ya njia ya amana tunayo, na wa kwanza uko hatua chache kutoka Bombolulu. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, kikichimba mawe ya matumbawe. Kufikia mwaka 1971 palikuwa na jangwa jeupe, mashimo yaliyofika karibu na maji ya chumvi, bila udongo wala kivuli. Mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alipewa kazi ya kupafufua. Alijaribu aina 26 za miti na zilizostahimili zilikuwa tatu tu, mmojawapo mvinje. Lakini majani ya mvinje yalianguka yakalundikana bila kuoza, na pasipo mbolea hapana udongo. Ndipo alipotambua kwamba jongoo, mdudu ambaye watoto wetu humfagia, huyala majani hayo. Akaleta majongoo kwa mamia. Yakala, yakatoa mbolea, udongo ukazaliwa. Leo wajukuu wa wachimba mawe huenda pale kutazama viboko na twiga katika bustani iliyopewa jina lake.

Watu husifu mvinje na jongoo, na ni haki. Sisi twaongeza neno la tatu: mtu yule alibaki. Aliona miche ikifa, akauliza kwa nini, akarudi kesho yake. Laiti angekuja siku moja akapanda aina 26 akenda zake, Bamburi ingekuwa shimo hata sasa.

Mfano wa pili uko Gazi, kaunti ya Kwale, kiasi cha kilomita 50 kusini ya Mombasa. Mikoko ya Gazi ilikatwa sana katika miaka ya 1970 kuwa kuni za viwanda. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wataalamu wa taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, pamoja na wenyeji, walianza kuipanda upya. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianza mpango uitwao Mikoko Pamoja. Hekta 117 ziliwekwa chini ya ulinzi wa wenyeji. Kwa kuwa mikoko huvuta hewa ya ukaa na kuizika ndani ya tope, watu wa nchi za mbali hulipia kiasi cha tani 3,000 za hewa hiyo kwa mwaka, na malipo hurudi kijijini. Kamati iliyochaguliwa na wanakijiji huamua matumizi: maji ya mfereji, vitabu na majengo ya skuli. Mwaka 2017 mpango huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Zingatia namna jambo lilivyopangwa. Mtoto wa Gazi akinywa maji ya bomba anajua yametoka kwenye mkoko. Akimwona mtu anakata, haoni mti wa serikali unaokatwa, bali bomba lao. Hapo askari hahitajiki kila kona, kwani kila mtu ana jicho.

Mfano wa tatu uko Unguja. Kisiwa cha Chumbe kiliwekwa kuwa hifadhi ya matumbawe mwaka 1994. Walinzi wake wa mwanzo walitoka miongoni mwa wavuvi wa vijiji vya karibu. Wao wenyewe waliokuwa wakiyajua maji yale kwa kuyavua ndio waliofundishwa kuyalinda. Hawakupewa bunduki. Chombo kikiingia katika eneo lililokatazwa, mlinzi hukiendea kwa mashua, huzungumza na mvuvi mwenzake, humweleza kwamba samaki wanaozaliwa pale ndio watakaotoka nje kuingia katika nyavu zake, kisha huandika daftarini aliyoyaona. Wanafunzi wa skuli za Unguja hupelekwa kisiwani humo kufundishwa, na walimu wao miongoni mwa wengine ni walinzi hao hao. Silaha yao ni ulimi na kalamu.

Hata nje ya pwani mambo ni hayo. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akina mama hawakulipwa kwa mche waliopanda; walilipwa kidogo kwa kila mche ulioishi. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti ya chama chake na sherehe nyingi za kupanda miti. Na huko Marekani, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, Rais Roosevelt aliunda mwaka 1933 jeshi la vijana wa kuhifadhi ardhi na misitu. Lilidumu hadi mwaka 1942, likapitisha vijana wapatao milioni tatu na kupanda miti ipatayo bilioni tatu. Kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na 25 katika hizo zilipelekwa kwao moja kwa moja. Alikaa kambini miezi sita au zaidi. Asiyejua kusoma alifundishwa, asiye na ufundi alipewa. Lilikuwa na aibu yake, kwa kuwa weusi na weupe walitengwa. Lakini lilijua jambo moja: kijana mwenye njaa hapandi msitu, na kijana anayelisha wazazi wake hutembea kwa kifua mbele.

NENO LA WANAZUONI

Tusisahau kwamba wenzetu wa Pemba walikwisha kuonyesha namna dini inavyoweza kusaidia. Magharibi ya Pemba kuna kisiwa kidogo kiitwacho Misali. Wenyeji husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika huko akaomba mkeka wa kusalia, asiupate. Akasema kwamba kisiwa chenyewe kilichoelekea kibla kitakuwa mfano wa msala wake, na jina likabaki. Mwaka 1998 kisiwa hicho na maji yake viliwekwa kuwa hifadhi. Ilionekana kwamba amri za serikali peke yake haziwagusi wavuvi, hasa waliokuwa wakivua kwa baruti. Basi wakashirikishwa masheikh na walimu wa vyuo, wakaeleza yale ambayo Uislamu umesema tangu zamani: kwamba mwanadamu ni khalifa juu ya ardhi si mwenyewe, kwamba israfu ni haramu hata mbele ya mto unaotiririka, na kwamba Waislamu wa mwanzo waliweka maeneo ya hima ambayo malisho na miti yake ilichungwa kwa manufaa ya wote. Maneno hayo yaliingia mahali ambapo kanuni hazikufika.

Sisi wa Kisauni tuna misikiti na madrasa kila mtaa. Hotuba ya Ijumaa husikilizwa na vijana wengi kuliko mkutano wowote wa chifu. Si lazima hotuba iwe darsa la elimu ya viumbe. Yatosha kuelezwa kwamba anayemwaga taka horini anamdhulumu mvuvi asiyemjua, na kwamba dhulma hiyo ina hesabu.

PINGAMIZI TATU

Wako watakaosema: vijana wetu wanataka ajira, si mikoko. Ni kweli, na ndiyo sababu hatuungi mkono mpango wowote unaomtaka kijana maskini ajitolee milele huku wasimamizi wakipanda magari. Nauli na chakula cha siku ya kazi ni deni, si hisani. Lakini malipo yapangwe kama alivyopanga Wangari: fungu dogo siku ya kupanda, fungu kubwa mche ukionekana hai baada ya miezi sita, na jingine baada ya mwaka. Hapo kijana mwenyewe ndiye atakayemfukuza mbuzi.

Wengine watasema: mtoto wa watu atauawa huko vichakani. Hofu hii ni ya haki, kwani wakataji hutembea na shoka. Kwa hiyo mlinzi kijana asifanywe askari. Asikamate mtu, asitembee usiku, asiende peke yake. Kazi yake iwe kuona, kuhesabu, kuandika na kupeleka habari. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 imewapa wananchi nafasi ya kuunda chama cha jamii cha msitu na kuandikiana mkataba na Idara ya Misitu, KFS. Kikundi kisicho na mkataba huo ni watu wanaozunguka porini tu. Chenye nao kina mahali pa kushtaki. Wenye umri wa chini ya miaka 18 wawe wanafunzi wa kazi hii, na wazazi wao watie saini.

Wa tatu watasema: anayekata mkoko naye ni maskini, mtamlisha nini? Hili ndilo gumu kuliko yote, na mpango usiolijibu utawagombanisha majirani. Jibu moja liko katika mvinje ule ule wa Bamburi. Mvinje hukua upesi hata katika ardhi ya mchanga, na wakulima wengi wa pwani huupanda kwa ajili ya miti ya kujengea. Kila mvinje unaouzwa dukani kwa bei nafuu huokoa mkandaa mmoja. Walinzi vijana wangeweza kuwa na kitalu cha mivinje kando ya kitalu cha mikoko, na mkataji wa jana akawa mteja au mshirika wao.

BOMBOLULU ILIKWISHA KUJUA

Yote haya yanaweza kuonekana mageni, lakini Bombolulu ililijua somo hili kabla ya wengi. Mwaka 1969 Chama cha Walemavu wa Viungo cha Kenya kilianzisha hapa karakana zake. Zama hizo mlemavu alikuwa mtu wa kuhurumiwa kwenye mlango wa msikiti au wa soko. Karakana ya Bombolulu haikumpa sadaka. Ilimpa kiti, chombo, fundi wa kumfundisha, na kazi yenye kipimo. Akatengeneza mapambo, akachonga miti, akashona ngozi na nguo, na kazi ya mikono yake ikavuka bahari kuuzwa Ulaya. Aliyehesabiwa mzigo akawa fundi, kwa sababu alikabidhiwa jambo na akatazamiwa alitimize.

Kijana wa leo wa Bombolulu si mlemavu wa viungo, lakini mji umemkatia tamaa vile vile. Basi atendewe yale yale. Kwa maoni yetu mambo manne yatosha kuanzia.

La kwanza, apewe mahali. Kikundi cha vijana ishirini kikabidhiwe kipande cha hori kinachopimika, chenye mipaka na jina, wala si mazingira kwa jumla. Kitu cha wote bila mwenyewe huliwa na wote.

La pili, apewe mwalimu. Mikoko haipandwi kama mchicha. Ukiutia mkoko mahali pa mchu utakufa, ukipanda bila kujua bamvua na maji mafu utasombwa. Elimu hiyo wanayo wataalamu wa taasisi, na wanayo pia wazee wavuvi na wakata boriti wa zamani ambao hawajaulizwa na mtu. Mzee akikalishwa na vijana mara mbili kwa mwezi, maneno ambayo yangezikwa pamoja naye yatabaki: majina ya miti, ya pepo, ya maji. Hapo ndipo uhifadhi wa miti unapokutana na uhifadhi wa lugha na utamaduni wetu.

La tatu, apewe daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Miche mingapi ilipandwa, mingapi i hai, lini palikatwa, maji machafu yametokea bomba lipi. Daftari hilo lisomwe hadharani kila baada ya miezi mitatu, mbele ya wazazi, wazee wa mtaa na wakubwa wa kaunti. Kijana ajibu kwa mikoko yake, na kaunti ijibu kwa mabomba yake. Kwani ni dhulma kumwambia mtoto aoteshe mti mahali ambapo mji mzima unamwaga kinyesi.

La nne, apewe fungu. Ikija faida, iwe ya wageni wanaotembea, ya nyuki, ya kaa, au ya hewa ya ukaa kama Gazi, hesabu yake ijulikane na sehemu ya kikundi iandikwe tangu mwanzo. Wanasiasa wasiruhusiwe kugeuza kikundi kuwa cha kushangilia mikutanoni.

Na mabinti wasiachwe nyuma. Kule Gazi akina mama wana ujia wao wa mbao ndani ya mikoko, hupitisha wageni na kuwapikia, na pato huingia katika mambo ya kijiji. Zikitengwa saa zinazofaa, na wakiwapo akina mama wa kuwasimamia, hakuna sababu ya binti wa Bombolulu kutojua mti uliomjengea bibi yake dari. Ratiba vile vile ifuate maisha ya watu: isigongane na chuo, wala na Ijumaa, na mwezi wa Ramadhani kazi ipunguzwe.

Si jambo la kungoja mkubwa alianze. Chama cha Wildlife Clubs of Kenya, cha kwanza cha namna yake Afrika, kilizaliwa mwaka 1968 kwa sababu wanafunzi wenyewe walitaka kujua habari za wanyama wa nchi yao. Hawakungoja kuitwa. Leo skuli moja, msikiti mmoja na kikundi kimoja cha wavuvi vyatosha kuanza na kipande kimoja cha tope.

Hori ya Tudor ilimalizwa katika umri wa kijana mmoja. Aliye na miaka 17 leo akikabidhiwa sasa, atakapofika miaka 34 ama ataweza kumpeleka mwanawe kwenye kivuli alichokilinda, ama atamwonyesha tope tupu na kumwambia kwamba hapa zamani palikuwa na miti. Kati ya hayo mawili, uamuzi hauko kwake peke yake. Uko kwetu sisi wazazi, walimu, maimamu na wenye mamlaka, ambao mpaka sasa tumemvisha fulana nyingi na hatujamkabidhi kitu.